Vitovu vya Kigari cha Mama

Jumatatu, 3 Februari

Habu ya gurudumu la mbele la kushoto imetoka leo. Ya kulia ilitoka Jumamosi. Zote mbili zimekufa. Ya kushoto ina ufa kutoka tundu la nati hadi katikati, ukucha unaingia. Ya kulia haina ufa, ila beringi inacheza ndani yake kama kidole kwenye pete ya kuazima. Nimezitupa kwenye rundo la skrepa nyuma ya jiko la Mama. Hata grisi sikuzifuta. Jua lilikuwa utosini na mgongo umeniuma tangu asubuhi.

Niandike kwa nini najitesa, nisije nikasahau katikati ya kazi. Elia, mdogo wangu, amepata mteja wa kigari cha Mama, mtu wa Mombasa. Anakuja Jumamosi ya tarehe 22 na lori la kubebea, apite nalo mpakani Horohoro. Elia yuko Dar na hajaligusa gari hili tangu aote ndevu, lakini mdomo anao. Mama hakumkatalia. Alisema tu, likimfikisha Amani, kwao milimani, kabla ya huyo mtu kuja, haliuzwi. Lisipomfikisha, lichukuliwe. Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Miaka kumi na moja gari limekaa juu ya mawe chini ya bati. Injini huwa naiwasha, inanguruma; kilichokufa ni habu. Nina siku kumi na nane.

Jumanne, 4 Februari

Nimezunguka maduka ya spea mjini mzima. Kijana mmoja aliniuliza ni gari la mwaka gani. Nilipomwambia akacheka hadi akashika meza. Habu za kigari hiki hazipo Tanga, hazipo Dar, na huko Uingereza zilikotoka sitangoja meli.

Hakuna kulia. Nitatafuta habu za gari lingine na kuzilazimisha zikae. Mimi ni mkerezaji. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma, kumi ya kwanza kwenye karakana ya mashamba ya mkonge, kisha hapa kwangu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Kama siwezi kuvalisha ekseli habu isiyo yake, basi nifunge mlango niuze maandazi.

Alhamisi, 6 Februari

Muheza. Fundi Athumani ndiye aliyenipeleka. Ni rafiki yangu wa gereji, tunataniana tangu ujana, na dini yake na yangu hazijawahi kutuzuia kula sahani moja. Tumepata pikapu kuukuu imelala kwenye majani, injini imeshang'olewa, lakini habu za mbele nzima kabisa. Nzito. Chuma cha kazi.

Tatizo la kwanza: pikapu ina nati sita, gari la Mama lina nne. La pili: tundu la katikati ni pana kuliko ekseli yetu. La tatu sijaliona, lakini lipo. Huwa lipo.

Athumani anasema nimuoze tu huyo Mmombasa gari, mahari aliyotaja inatosha. Nimemwambia aendeshe, aangalie mbele.

Ijumaa, 7 Februari

Nimesafisha habu za pikapu kwa mafuta ya taa. Kutwa nzima. Zimetoka zinang'aa. Nimefurahi kuliko inavyostahili kwa mtu wa umri wangu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani, halafu kwa Mama, mtaa wa Nguvumali. Ana miaka sabini na tisa na anataka kuelezwa kila kitu. Akauliza ni nini hasa nilichokitoa kwenye magurudumu. Nikasema habu. Habu ndiyo nini? Nikachora kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni: gurudumu hili, katikati yake hiki, ndicho kinachobeba kila kitu. Nikamwambia chuoni walitufundisha jina lake la Kiswahili sanifu, kitovu cha gurudumu. Gereji hakuna anayelitumia.

Akauangalia ule mchoro. "Na hivyo vya zamani umevifanya nini?"

"Nimevitupa."

Akainuka akatoka nje. Nilidhani anakwenda kuchuma limau.

Jumatatu, 10 Februari

Kazi tamu leo. Nimekereza bushi mbili, zile za kuvaa ekseli ili beringi za pikapu zikae bila kucheza. Chuma kilitoka utepe mrefu mzima, haukukatika. Nilipima mara tatu, nikapumzika, nikapima tena. Ya kwanza iliingia kwa kusukumwa na gumba tu. Ya pili vilevile.

Nikiwa kwenye mashine sina hasira na mtu yeyote. Hata Elia.

Jumatano, 12 Februari

Matundu. Ukitaka kutoboa manne mapya penye sita ya zamani, ukianza vibaya mawili yataangukia juu ya ya zamani na habu itakuwa chujio. Nimechora duara kwenye karatasi, nikaikata, nikaizungusha juu ya habu kidogo kidogo mpaka kila tundu jipya likaangukia pembeni ya la zamani. Ndipo nikapiga alama. Ndipo nikatoboa. Ya zamani nimeyaziba kwa vipande nilivyokereza na kuvigongea ndani vikiwa vimebana.

Athumani alitaka tuyazibe kwa kuchomelea. Nimekataa. Moto unapinda chuma, na barabara ya Amani haina huruma na chuma kilichopinda. Akasema mimi ni mbishi. Kweli.

Elia amepiga simu. Anauliza kama gari litakuwa tayari kupakiwa, maana mteja anataka kujua alete lori la namna gani. Nimemwambia asilete lori la namna yoyote. Amecheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 14 Februari

Hili hapa tatizo la tatu. Habu mpya inasukuma diski ya breki nje, milimita sita. Pedi zinashika nusu ya diski na nusu ya hewa. Nimerudi kwenye mashine nikala chuma pale diski inapokaa, milimita sita kamili. Saa tisa alasiri magurudumu yote mawili ya mbele yamefungwa. Nimeyazungusha kwa mkono. Yanazunguka kimya.

Tumelishusha gari chini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja limesimama kwa miguu yake. Mama alitoka barazani, akaligusa boneti, akarudi ndani. Najua alikuwa analia. Mimi pia nusura.

Jumamosi, 15 Februari

Balaa.

Nimelipeleka Pongwe kulijaribu. Kwenda, raha tupu. Watu wanapunga mikono, kigari kidogo chekundu kilichopauka, turubai limechanika, mimi ndani yake kama mkwe mpya. Kurudi, usukani ukaanza kutetemeka. Halafu harufu. Nikasimama, nikagusa habu ya kushoto, nikaunguza vidole viwili. Beringi imeungua, imekuwa bluu. Gurudumu linacheza ukilisukuma kwa goti.

Athumani alikuja na kamba. Nimevutwa hadi Nguvumali mchana kweupe, mbele ya wale wale walionipungia mikono. Mama alikuwa barazani. Alisema, "Karibu chakula." Nilikula bila kuhisi ladha.

Siku sita.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Mungu ataelewa au hataelewa.

Nimeligundua kosa. Mwanzo wa ekseli, pale beringi ya ndani inapoegemea, hapana kona kali, pana mpindo. Bushi yangu ina ukingo mkali, kwa hiyo haikuegemea, ilipanda juu ya mpindo. Ukikaza nati unadhani imekaa. Ukienda kilomita kumi inajisogeza, inalegea, beringi inaungua. Na nimeona kitu kingine: mstari unaong'aa kuzunguka ekseli pale pale, kama kidole cha mtu aliyevua pete. Kulikuwa na pete. Pete ya chuma, upande mmoja umekerezwa kufuata mpindo. Kila upande wa gari ulikuwa na ya kwake. Zimebaki ndani ya habu za zamani, zimenata kwenye grisi ya miaka arobaini. Grisi ambayo mimi, fundi mkubwa, sikuifuta.

Nimekwenda kwenye rundo nyuma ya jiko. Habu hazipo. Rundo lipo, habu hazipo.

Nikamkumbuka Saidi wa skrepa, anayepita na mkokoteni kila Alhamisi kukusanya vyuma chakavu. Nikaenda hadi kwake Makorora. Alikuwa amekaa mlangoni na mkewe. Akaniambia, "Dada Frida, wallahi sijachukua kitu kwenu bila kumwuliza Mama." Sikumsikiliza. Nilimwita mwizi. Nililisema kwa sauti, majirani wakatoka. Mkewe aliinama akaokota ungo wake akaingia ndani.

Nimerudi na hasira ile ile niliyokwenda nayo, na aibu juu yake.

Jumatatu, 17 Februari

Asubuhi nimekereza pete mbili za kukisia. Moja nene, moja nyembamba. Sina hakika na hata moja. Nati zinataka unene kamili, mpindo unataka mteremko kamili, na mimi nakisia. Kwa gari la mtu mwingine ningekisia na kwenda zangu. Huyu atakayepanda ni Mama, na kona za Amani zina bonde upande mmoja.

Saa tano Mama alinikuta nimekaa chini kando ya ekseli, sifanyi kitu. Alileta chai. Akauliza natafuta nini. Nikamweleza habu za zamani zimepotea, Saidi amezichukua, kazi imekwisha. Akaweka kikombe chini.

"Saidi hajachukua. Nimevizika."

Sikuelewa. Nikamwuliza amezika nini.

"Vitovu. Si ulisema vinaitwa vitovu? Kitovu hakitupwi kwenye takataka, Frida. Nimevizika pale kwenye mlimao."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kucheka pia. Siku nne zimebaki, nimemtukana mtu mwema mbele ya mkewe, kisa kamusi. Nikamwambia Mama kile ni chuma. Kuna watu na kuna vyuma.

Ndipo akanieleza. Anakaa kimya kuhusu mambo yake, kwa hiyo naandika yote.

Kuzaliwa kwangu nakujua, kila mtu kwetu anakujua. Mama alikuwa karani wa ofisi ya mashamba ya mkonge, na meneja Mgiriki alipoondoka alimwachia kigari hiki. Watu walisema yao. Siku hiyo alikuwa anashuka kutoka Amani kwao, akiendesha mwenyewe, mama mdogo kando yake. Uchungu ukamshika kabla ya wakati wake. Akasimamisha gari kwenye kona, akanizaa kwenye kiti, mama mdogo akanifunga kanga, Mama akaendesha tena hadi hospitali Muheza. Hadithi hii tunaichekea kila Krismasi.

Kipande ambacho hajawahi kusimulia ni hiki. Nilikaa hospitali wiki tatu kwa sababu nilikuwa mdogo sana. Kitovu changu kilidondoka huko. Mama alipoamka na kukiulizia, walikuwa wameshakitupa na pamba chafu. Bibi akaja kutoka Amani na kikapu kidogo, kukichukua, akakizike kwao pamoja na cha Mama na vya dada zake. Mama akamwambia amekwisha kukizika Tanga. Bibi akauliza wapi. Mama akasema nyuma ya jiko, kwenye mlimao. Hapakuwa na kitu. Bibi amekufa akijua kipo.

"Nimekaa na uongo huo miaka hamsini na miwili," alisema. "Wewe ulizaliwa humo garini. Nikaona hivi ndivyo vilivyobaki."

Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Jumanne, 18 Februari

Tumefukua. Nimechimba mimi, Mama ameshika mwavuli akinionyesha. Alizifunga kwenye kanga, kanga nzima nzuri, ya doti mpya. Hata mimi sijawahi kupewa doti mpya ya kuchafua.

Pete zilikuwemo. Zote mbili. Nimezing'oa kwa bisibisi, nikazisugua, zikatoka safi, upande mmoja umekerezwa mteremko laini kabisa na mtu ambaye sitamjua. Nimezirudisha kwenye ekseli. Zimekaa kwenye ule mpindo bila kuacha hata nafasi ya karatasi. Nimepunguza bushi zangu kwa unene wa pete, basi. Ekseli ya kushoto ina doa la bluu lakini haijaliwa. Nimeipima pande zote.

Athumani ameleta beringi. Nilipomweleza zilikokuwa habu alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaenda kusimama kwenye mlimao, akavua kofia, akasema innalillahi. Nimemtupia limau.

Jumatano, 19 Februari

Kwanza Makorora. Nilimtukana Saidi mbele ya mkewe, kwa hiyo nimeomba radhi mbele ya mkewe, na nilisema kwa sauti ile ile ili majirani wasikie na hili. Saidi alimwangalia mkewe. Mkewe ndiye aliyejibu: "Kaa unywe kahawa." Nikakaa. Nikanywa vikombe vitatu. Saidi akauliza kama kweli Mama amezika vyuma. Nikasema kweli. Akatikisa kichwa, akasema afadhali, maana yeye angevikuta angevibeba.

Mchana, Muheza kwenda na kurudi. Nilisimama mara nne kuweka kiganja kwenye habu. Vuguvugu, kama shingo ya mtoto asiye na homa. Usukani umetulia.

Alhamisi, 20 Februari

Nati zote nimezikaza upya. Breki. Maji. Tairi la akiba. Mama ameosha nywele na kupiga pasi gauni la bluu. Elia ametuma ujumbe: mteja anatoka Mombasa kesho jioni. Sijajibu.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa.

Ijumaa, 21 Februari

Tumetoka saa moja asubuhi. Mama mbele kushoto, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Tukafika Muheza. Nikasimama, nikashuka, kiganja kushoto, kiganja kulia. Vuguvugu.

Baada ya Muheza lami ikaisha. Mawe, vumbi, halafu mlima. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Kila kona nilisikiliza upande wa kushoto hadi sikio likauma. Kwenye kona moja lori la magogo lilitushukia, nikalazimika kukanyaga breki na kukaa ukingoni kabisa. Habu zikashika. Hazikulalamika. Mama alisema, "Endelea, unasubiri nini?"

Kupita Sigi kidogo akaniwekea mkono kwenye bega. "Hapa." Nikasimamisha. Kona kama kona nyingine, jiwe kubwa, miti, maji yanachuruzika. Akaonyesha kiti nilichokalia mimi. "Hapo hapo ulipokaa." Nimeendesha mara ngapi nikiwa juu ya mahali hapo, sikuwahi kuwaza hilo. Tulikaa dakika chache. Kiganja tena. Sawa.

Tumefika Amani saa tano kasoro. Baridi tamu. Nyumba za wafanyakazi wa kituo cha utafiti alikozaliwa Mama hazipo, pamepandwa iliki. Mwanamke mmoja wa pale aliyekuwa anapalilia alimsalimu, "Onga mshi," na Mama akaitika kwa Kishambaa ambacho sijamsikia akikisema tangu Bibi afariki. Wakasimama wakizungumza kama waliachana jana. Kisha Mama akatembea peke yake katikati ya iliki hadi mahali fulani, akasimama. Hakuinama, hakuomba. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini. Niliyasikia mawili tu, "Mama" na "nilidanganya."

Nilienda kukagua nati ambazo hazikuhitaji kukaguliwa.

Simu ya Elia ilitukuta tunakunywa chai. Aliichukua Mama. "Mwambie huyo mtu asije. Niko Amani." Akasikiliza. "Kwa gari, ndiyo. Kwani kwa miguu?" Akanirudishia simu, akaomba sukari zaidi.

Kushuka ilikuwa ngumu kuliko kupanda. Nimefika nimekakamaa vidole vyote. Habu zote mbili vuguvugu.

Jumapili, 23 Februari

Lori halikuja.

Jana asubuhi nimezizika tena habu za zamani, kwenye kanga ile ile, kwenye mlimao. Mama alishika mwavuli. Pete zimebaki garini.

Leo baada ya ibada mgeni mmoja kanisani aliniuliza kwetu ni wapi. Watu wa Tanga wanauliza hivyo, nami miaka yote hujibu Tanga, mtu akitaka zaidi nasema mama yangu ni wa Amani, basi, nabadilisha mazungumzo. Leo nimemwambia Nguvumali, nyuma ya jiko, kwenye mlimao. Akasubiri niendelee. Nikamuaga.

Nimerudi nyumbani kwa gari. Mama alikuwa amepika wali na kisamvu. Tumekula barazani.